"Magomeni wapo?" Maswali yanayosingiziwa kuharibu Kiswahili

Dhana: Swali lisiloanza na "je" halijakamilika.

Kiswahili huuliza kwa kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. "Chakula kimeiva" ni taarifa. Badilisha kiimbo tu, tayari ni swali, na kwenye maandishi alama ya kuuliza inatosha. "Je" humtayarisha msikilizaji, ndiyo maana inapendeza redioni. Nyumbani, ukiulizwa "Je, umekula?" utadhani umefikishwa mahakamani.

Dhana: "Waenda wapi?" ni "unaenda wapi?" iliyokatwa kwa uvivu.

Hapa ndipo wasahihishaji wengi huumbuka. Kiambishi -a- kina nafasi yake katika sarufi, si mabaki ya -na-. Tena kina kanuni zake: tunasema "Unakula nini?" kwa sababu baada ya -na- kitenzi cha silabi moja hubaki na ku-, lakini kwa -a- ile ku- huondoka: "Wala nini?" "Waja lini?" Kosa ni "unala nini?" Kuhusu "unaenda" na "unakwenda", msigombane, zote ni sawa.

Mombasa utasikia hata "Wendapi?" Vokali zimeungana, na "wapi" imebaki -pi. Mkutano uliofanyika mjini humo mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walichokuwa wakitafuta ni lugha moja ya vitabu na shule. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikugeuka makosa kwa kutochaguliwa.

Dhana: Lugha ya mtaani haina sarufi.

Panda daladala Dar es Salaam. Konda anapaza sauti: "Magomeni wapo?" Abiria anajibu: "Wapo!" Hakuna aliyetaja watu wala kushuka, ila wa- ya "wapo" imewabeba watu hao bila kuyumba. Konda hawezi kuuliza "Magomeni zipo?" gari zima likamwelewa.

Sisemi kila kinachosemwa ni sanifu. "Vitabu ngapi?" inasikika sana, Nairobi hasa, na kwenye mtihani itakukosesha alama: ni "vingapi". Kuna na wanaozidisha usafi. Wakishajua kwamba -ngapi hupatana na nomino, wanataka na "gani" ifuate mkondo, tunaletewa "kitabu kigani". "Gani" haibadiliki. Inayobadilika ni -pi: "kitabu gani?" yauliza cha aina gani, "kitabu kipi?" yataka uchague kati ya vilivyopo.

Dhana: Ukitanguliza "nini", swali linakuwa rasmi.

Neno la kuulizia kwa kawaida hukaa pale jibu litakapokaa: "Unataka nini?" "Nataka chai." Kikiulizwa kitendaji, yaani kiima cha sentensi, "nini" hutangulia bila tatizo: "Nini kimetokea?" Ila ukitaka kukitanguliza kitendwa (kile kinachotendwa) kwa msisitizo, sanifu inadai kirejeshi, hapa -cho-: "Ni nini unachotaka?" Wanaosema "Nini unataka?" wakidhani wamepanda daraja wameacha kile -cho- njiani, na muuza chai aliyeuliza "Wataka nini?" amewapita.