Sensa ya oksijeni haipimi moshi

Wiki jana kijana mmoja aliniletea Subaru Impreza 1.5 ya mwaka 2008, ile isiyo na tabo. "Shikamoo fundi. Taa ya injini haiwaki, lakini gari linakunywa mafuta na linanuka. Mama amegoma kulipanda." Nikazunguka nyuma, nikainama. Macho yakaniwasha papo hapo.

Gari lilikuwa limefanyiwa mambo matatu. Manifodi ya kiwandani, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilitolewa, ikawekwa ya mabomba ya kuchomelea ili lingurume. Masega, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, yalikatwa, pakabaki bomba tupu. Na sensa ya oksijeni ya nyuma iliinuliwa kwa spesa, kile kipande cha chuma chenye tundu, ili taa isiwake.

Nataka hili lieleweke vizuri, maana naliona kila mwezi: sensa za kwenye ekzosi zinajua kitu kimoja tu, oksijeni. Petroli inaungua sawasawa kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ya mbele, iliyo kabla ya masega, huiambia kompyuta kama oksijeni imebaki nyingi, yaani mchanganyiko ni mwepesi, au imebaki kidogo, yaani ni mzito. Kompyuta nayo huongeza au kupunguza mafuta papo kwa papo. Sensa ya nyuma ni mlinzi wa masega. Masega mazima hushika oksijeni na kuiachia taratibu, kwa hiyo volti ya sensa hiyo hutulia. Ukiyakata, volti huanza kupanda na kushuka, na kompyuta huandika P0420, namba ya hitilafu ya masega, na kuwasha taa. Spesa huitoa ncha ya sensa nje ya mkondo wa gesi, mabadiliko yanaifikia yamepoa, na kompyuta inaamini masega yapo.

Katika safari yote hiyo, hakuna aliyepima kaboni monoksaidi. Hakuna aliyepima mafuta yasiyoungua. Taa kuzimika si ushahidi kwamba moshi ni safi.

Kwenye mashine ya dayagnosi niliona marekebisho ya muda mrefu ya mafuta yamefika asilimia 18 juu. Kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa nguvu, wakati gari linanuka petroli. Hapo ndipo wengi hununua sensa mpya bure. Mimi nilisubiri injini ipoe kabisa, msaidizi wangu akaiwasha kisha akabana mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, nami nikapulizia maji ya sabuni kwenye viungo vya manifodi. Kiungo cha silinda ya tatu kikatoa mapovu kama sabuni ya kufulia.

Tundu dogo tu. Lakini gesi hutoka injini kwa midundo, na kati ya mdundo na mdundo shinikizo la bomba hushuka, hewa ya nje ikavutwa ndani. Sensa ikaiona oksijeni hiyo ya barabarani ikadhani imetoka kwenye silinda. Ikaripoti wepesi, kompyuta ikamwaga mafuta. Sensa haikukosea, ilipewa hewa isiyo yake. Kamshafti za mashindano, vile vyuma vinavyofungua valvu, huleta shida ya jamaa hiyo: valvu za kuingiza na kutoa hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu, na gari likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, hewa na petroli hupita bila kuungua.

Nina mashine ya kupima gesi nne, na kipimo ninachojilinganisha nacho ni cha ukaguzi wa MOT wa Uingereza kwa magari ya petroli yenye masega: injini ikizungushwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2 na mafuta yasiyoungua yasizidi 200 kwa milioni. Impreza ilisoma kaboni monoksaidi asilimia 2.6. Nikabadilisha gasketi, nikaweka ya chuma, bila silikoni (mvuke wa silikoni huua sensa), nikafuta kumbukumbu ya kompyuta na kuliendesha. Marekebisho yakashuka hadi asilimia 3. Gesi? Asilimia 0.7. Injini nzima, sensa nzima, na bado ni zaidi ya mara tatu ya kikomo. Sehemu iliyobaki ni kazi ya masega, na hakuna programu wala spesa inayoweza kuifanya.

Wapo wanaoandika upya programu ya kompyuta ili P0420 isitokee kabisa. California waliliona hilo, na tangu Julai 2021 ukaguzi wao husoma programu yenyewe. Ikiwa si ya kiwandani wala haijaidhinishwa, gari linafeli.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kijana hakuwahi kuambiwa masega yake yana thamani. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Gereji ya awali iliyakata, ikamwambia "mafuta ya kwetu huyaziba", ikabaki nayo. Madini ya risasi, yaliyokuwa yanayaua kweli, yaliondolewa kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006. Siku hizi yakiharibika, tafuta plagi inayoruka, yaani isiyochoma mafuta kila mara, au injini inayokula oili.

Tumeweka masega mapya, spesa nikaitupa. Tuliendesha mpaka Kongowe na kurudi ili yapate moto, nikapima tena: asilimia 0.1. Manifodi ya kuchomelea nimemwachia, na ngurumo yake ipo vilevile.