Usanisi wa nanofuwele za semikondakta kwa kusaga bila kiyeyusho

Usanisi wa kimekanokemia ni njia ya kuunda dutu mpya kwa nguvu ya kugonga na kusugua, pasipo kuvipasha moto viambato wala kuviyeyusha katika kimiminika. Poda kavu hutiwa katika mtungi wa chuma kigumu au zirkonia (aina ya kauri ngumu) pamoja na mipira ya kusagia, mtungi ukafungwa, kisha mashine ikauzungusha mamia ya mizunguko kwa dakika. Mashine ya posho pale Kawangware, Nairobi, husaga mahindi na kinachotoka ni mahindi yale yale katika umbo la unga. Katika mtungi huu, chembe hugongwa hadi vifungo vya atomi vikavunjika na vingine vikaundwa. Ukitia gramu 6.5 za zinki ya kijivu na gramu 3.2 za salfa ya njano, unachota sulfaidi ya zinki, ambayo ni semikondakta, yaani dutu inayopitisha umeme kwa kiasi, ikiwa katika fuwele za nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu.

Udogo huo ndio unaotafutwa. Fuwele ya selenidi ya kadimi, semikondakta nyingine, yenye upana wa nanomita 2 hivi hutoa mwanga wa buluu, na ile ya nanomita 6 mwanga mwekundu, ingawa dutu ni ile ile. Kwa kugundua na kuunda chembe za namna hii, Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Njia ambayo Bawendi na wenzake waliitangaza mwaka 1993 hudunga viambato ndani ya kiyeyusho chenye joto la nyuzi 300 hivi, na kwa maabara ya chuo jijini Nairobi inayoagiza kemikali kutoka ng'ambo, kiyeyusho hicho ni gharama mara mbili: kukinunua, kisha kukitupa kwa usalama.

Hata hivyo, maneno “bila kiyeyusho” yasomwe kwa uangalifu, kwa maana mara nyingi yanahusu hatua ya kusaga peke yake. Asetati ya zinki ikisagwa na sulfaidi ya sodiamu, hubaki asetati ya sodiamu ambayo lazima ioshwe kwa maji; na wako wanaoongeza matone machache ya kimiminika ili chembe zisigandamane. Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kinu hutoa fuwele za ukubwa uliotofautiana na zenye kasoro nyingi, hivyo rangi ya mwanga wake haiwi safi kama ya zile zilizoundwa ndani ya kiyeyusho, na mipira nayo huchakaa ikaacha vumbi lake ndani ya poda. Tena kadimi haipungui sumu kwa kusagwa kikavu, kwa hiyo mtungi hufunguliwa ndani ya kabati lenye kivuta hewa, na mabaki yake huhesabiwa kuwa taka hatari.