Hafushafti ya Massey ikikatika: dhana za gereji na ukweli wake

Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na mpaka leo utaikuta shambani ikivuta jembe la diski kutwa nzima. Nimekaa chini ya matrekta ya aina hii miaka mingi, na siku hafushafti, yaani ekseli ya nyuma inayozungusha gurudumu la upande mmoja, inapokatika hakosekani mjuaji wa kutoa sababu kabla hata gurudumu halijafunguliwa.

“Imekatwa na mzigo wa jana.”

Huenda, lakini muulize shafti mwenyewe. Pangusa oili, uangalie uso wa pale palipokatika. Mara nyingi utaona sehemu mbili: moja laini, imeingia weusi, ina mistari iliyopindana kama ya ganda la kombe, nyingine imeparuza na kung'aa kama sukari iliyovunjwa. Ile laini ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea kidogo kidogo. Ile inayong'aa ndiyo iliyomalizikia jana. Ukikuta sehemu laini ndiyo kubwa, mwache dereva wa tela apumue, katafute kilichoanzisha ufa: beringi iliyolika ikaacha shafti ipinde kila mzunguko, nati za gurudumu zilizolegea, au alama ya patasi ya fundi aliyetangulia. Kama uso wote ni mpya na splaini, yale meno marefu ya mwisho wa shafti, zimesokotwa kama kamba, hapo kweli nguvu ilizidi. Uliza nani alikanyaga loki ya difu, ile inayolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, huku tairi moja likizunguka kwenye tope, au nani alikata kona loki ikiwa bado imeshika.

“Ichomelewe tu, imalizie msimu.”

Hapa huwa nakataa kazi, na wateja wamenikasirikia. Shafti ni chuma kilichokomazwa kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea unaharibu ule ukomavu. Itakatika tena, kando ya weldi. Na kwenye 135 hafushafti haizungushi gurudumu tu, imebeba na uzito wa trekta. Ikikatikia nje ya beringi, gurudumu linatoka, na drami ya breki ya upande huo inaondoka nalo. Fikiria hilo ukiwa kwenye mteremko na tela la mahindi nyuma.

Ya kuchongesha kwenye leth, mashine ya kuchongea vyuma, kwa chuma cha kawaida nayo ni hivyo hivyo: umbo litafanana, ugumu hautafanana. Afadhali ya mtumba kutoka trekta lililokufa, mradi uitazame kwa urefu kama unavyotazama mbao, uone splaini zimenyooka.

“Oili inavuja gurudumuni? Ongeza nyingine.”

Oili hiyo inalowesha breki. Na sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, juu ya beringi inayocheza haikai.

“Ukishaweka shafti mpya, umemaliza.”

Kwenye 135 giaboksi, difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na haidroliki inayoinua jembe zinakunywa oili moja, na pampu ya haidroliki imezama humo humo. Chuma kilichovunjika kwenye difu kinaogelea mpaka kwa pampu. Mwaga oili yote, osha kwa dizeli, pitisha sumaku kila pembe. Mimi hutandika gunia na kupanga vipande mpaka vitimie. Safari moja gia ya difu ilikuwa imepoteza meno matatu, tukapata mawili. Mwenye trekta alitaka tufunge, mvua zilikuwa zimeshaanza. Tuligoma. Jino la tatu lilipatikana jioni, limelala chini kabisa, karibu na pampu.

Usitupe shimu, vile vibati vyembamba. Vinaamua shafti icheze kiasi gani, kwa hiyo pima mchezo huo kama kitabu cha trekta kinavyosema kabla hujakaza. Wengine wanapima kwa kutikisa gurudumu na kusema “iko sawa”.

“Jeki inatosha.”

Ekseli ya mbele ya Massey imeshikwa katikati kwa pini, inabembea. Ukiinua nyuma upande mmoja, trekta zima linaweza kulala. Pigilia kabari za mbao ngumu kati ya ekseli ya mbele na kichwa cha trekta, kushoto na kulia, zuia magurudumu ya mbele, kisha weka gogo nene au stendi ya chuma chini ya hausingi, lile ganda la chuma linalofunika ekseli. Tofali hapana: linapasuka bila kukuaga.