Niru mpya haizuii unyevu wa sakafu

Sakafu ya zamani ikitota, wengi hushauriwa wapige niru upya au waweke vigae. Haisaidii. Zege lina vitundu vidogo mno vinavyofyonza maji ya ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na niru, nayo saruji, hufyonza vilevile. Vigae huficha tu, mpaka chumvi nyeupe itokeze kwenye maungio.

Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ya nailoni chini ya zege. Kabla ya kuvunja sakafu ili kuiweka, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, ungoje siku mbili. Matone chini yake? Maji yanapanda (kagua pia kama kuna bomba linalovuja). Yakiwa juu, ni mvuke wa chumbani: fungua madirisha.