Skauti wa Fort McKinley hawakuwa Jeshi la Ufilipino

Kila nikifundisha vita vya Pasifiki, hakosekani mwanafunzi wa kuniambia kwamba Jeshi la Ufilipino lilizaliwa Fort McKinley, kambi ya Marekani walikokaa askari Wafilipino walioitwa Skauti. Nimechoka kulisahihisha hili kwa mdomo, basi naliandika.

Dhana: Skauti wa Ufilipino ndio waliokuwa Jeshi la Ufilipino.

Hapana, hayo ni majeshi mawili. Skauti waliundwa mwaka 1901 kwa sheria ya Bunge la Marekani, wakawa sehemu ya Jeshi la Marekani: askari Wafilipino, maofisa karibu wote Wamarekani. Rejimenti zao za miguu, ya 45 na ya 57, zilikaa Fort William McKinley, nje kidogo ya Manila. Ya 26, ya askari wa farasi, ilikuwa Fort Stotsenburg, Pampanga. Jeshi la Ufilipino lilikuja baadaye sana, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya Desemba 1935, chini ya Rais Manuel Quezon. Nguvu yake ilikuwa vijana wa akiba waliofunzwa miezi michache wakarudi makwao.

Mkanganyiko ulianza Julai 26, 1941, Rais Roosevelt wa Marekani alipoyaweka majeshi yote hayo chini ya amri moja. Lakini kupewa kamanda mmoja hakukuwafanya wawe jeshi moja! Askari wa akiba walianza kuitwa Septemba. Desemba Wajapani wakashambulia. Wapo waliofika mstari wa mbele hawajawahi kufyatua risasi hata moja, na wapo waliopewa ofisa asiyejua lugha yao. Skauti, kwa upande wao, wengi walikuwa wameshakaa jeshini miaka na miaka. Januari 1942 Rejimenti ya 57 ilipambana na Wajapani kule Abucay, Bataan. Mwezi huo huo Jose Calugas, sajini wa jikoni katika kikosi cha mizinga cha Skauti, aliacha masufuria akakimbia katikati ya makombora hadi kwenye mzinga ulionyamazishwa, akaufanya upige tena. Alipewa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Anayewapima askari wa akiba kwa kipimo cha watu hawa anawadhulumu.

Na dhuluma hiyo ilifika mpaka mifukoni. Februari 1946 Bunge la Marekani liliwanyima askari wa Jeshi la Ufilipino sehemu kubwa ya mafao ya wapiganaji, ilhali Skauti wa kabla ya vita walibaki na haki zao. Ni mwaka 2009 tu ndipo waliokuwa bado hai walipoidhinishiwa malipo ya mara moja: dola 15,000 kwa raia wa Marekani, 9,000 kwa wasio raia.

Kwa hiyo ukitafuta habari za babu aliyepigana huko, achana na picha kwanza. Tafuta jina la kikosi. Likifuatwa na herufi PS, ni Skauti. PA ni Jeshi la Ufilipino. Herufi mbili hizo zitakuokolea miezi ya kupekua majalada yasiyokuhusu.

Dhana: Skauti walikuwa watiifu, hawakulalamika kamwe.

Mwaka 1924, hapo hapo McKinley, mamia yao waligoma kwa sababu walilipwa chini ya Wamarekani. Zaidi ya 200 walitiwa hatiani kwa uasi.

Dhana: Kambi iliitwa Bonifacio tangu mwanzo.

Ilipewa jina la William McKinley, rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1901. Serikali ya Ufilipino ilikabidhiwa kambi hiyo mwaka 1949, na jina la Andres Bonifacio, kiongozi wa mapinduzi dhidi ya Wahispania, likafuata baadaye.

Dhana: Siku hizi pale ni maghorofa tu, hakuna jeshi.

Sheria ya 1992 iliruhusu ardhi ya kambi iuzwe, na sehemu kubwa ikawa Bonifacio Global City. Makao makuu ya Jeshi la Ufilipino bado yako pale.

Dhana: Waliozikwa pale ni Wamarekani pekee.

Kuna makaburi mawili. Yale ya Marekani yana zaidi ya watu 17,000, wakiwemo Wafilipino. Libingan ng mga Bayani (Makaburi ya Mashujaa), jirani yake, ni ya taifa la Ufilipino.