Siku Nane: Kuhesabu Wanaokufa Peke Yao Japani

Nilikwenda Japani kusomea shahada ya uzamivu ya ustawi wa jamii nikiwa na swali ambalo kwetu kila mtu angeliuliza: wazee wanaokufa peke yao majumbani, ndugu zao wako wapi? Swali hilo lilinipotezea miezi sita, kwa sababu wengi waliojaza hojaji yangu walikuwa na watoto, na watoto hao walikuwa wakipiga simu.

Kijapani kina maneno mawili kwa jambo hili. Magazeti hupenda kuandika kodokushi, kifo cha upweke, ilhali serikali hutumia zaidi koritsushi, kifo cha mtu aliyetengana na wenzake. Upweke uko moyoni, na hakuna polisi awezaye kuupima kwa marehemu. Kutengana, angalau, kunahesabika kwa siku. Polisi walitangaza kwamba mwaka 2024 watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao walifia majumbani mwao, zaidi ya robo tatu wakiwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Lakini humo wamo pia waliogunduliwa siku hiyohiyo. Ofisi ya Baraza la Mawaziri ilipohesabu waliokaa siku 8 au zaidi bila kugunduliwa, ilipata 21,856. Katika rasimu yangu nilizichanganya hesabu hizo mbili, na msimamizi wangu akaizungushia aya nzima kalamu nyekundu.

Katika maghorofa ya Tokiwadaira, mjini Matsudo, mzee wa miaka 69 aliwahi kukutwa akiwa amekufa miaka mitatu. Kodi yake ilikuwa ikikatwa benki moja kwa moja, hivyo hakuna aliyemdai, na asiyedaiwa hagongewi mlango. Alikuja kugunduliwa akiba ilipokwisha.

Kazi ya kupiga hodi bila kudai hufanywa na minsei-iin, watu wa kujitolea wasio na mshahara, wanaoteuliwa kwa vipindi vya miaka 3 chini ya sheria ya mwaka 1948. Ningewafananisha na mabalozi wetu wa nyumba kumi, ila hawa hawana chama nyuma yao. Mama niliyefuatana naye katika mtaa mwingine alikuwa mwenyewe amepita miaka sabini. Hakuanza na kengele: alitazama kwanza sanduku la barua, kisha roshani, kama nguo zilizoanikwa juzi zimeanuliwa. Mlango mmoja ulifunguliwa upana wa kiganja, mzee akasema hajambo, ukafungwa. Mama akaandika tarehe na saa daftarini, tukapanda ghorofa iliyofuata.

Baada ya ziara hizo niliondoa swali la idadi ya ndugu, nikaweka jingine: usipoonekana leo, nani atashtuka kwanza, na baada ya siku ngapi? Mzee mmoja, baba wa watoto watatu, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akamtaja kijana anayemletea gazeti.