Mkazo uliojificha ndani ya lenzi ya plastiki

"Kamwene, daktari. Haijaanguka hata siku moja."

Kijana huyo anapasua mbao Mafinga. Aliniletea miwani yake hapa Iringa mjini ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa. Lenzi ya kulia ilikuwa na nyufa tatu nyembamba kama nywele, zote zimeanzia kwenye tundu la skrubu karibu na pua. Hapakuwa na mchubuko wala alama ya kugongwa. Nilimwamini.

Nikawasha laptop na kufungua ukurasa mweupe mtupu. Mwanga wa skrini yake hutoka ukiwa tayari umepolaraizwa, yaani mawimbi yake yanatetemeka upande mmoja tu. Nikatazama kupitia kichujio cha polaraiza, kinachopitisha mawimbi ya upande mmoja tu, nikakizungusha mpaka skrini ikawa nyeusi tii, kisha nikaingiza lenzi katikati. Hapo hapo ikawaka. Kuzunguka tundu la skrubu, manjano, nyekundu na zambarau zilikuwa zimebanana ndani ya milimita chache. Upande wa pili, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ulitanda mkia mpana wa kijivu na weupe.

Rangi hizo zote huonyesha mkazo ulio ndani ya plastiki, lakini hapa ni vitu viwili tofauti, na wanaojifunza kazi hii huvichanganya mara nyingi.

Mkia ule umetoka kiwandani. Polikaboneti, plastiki ya lenzi hii, husukumwa ndani ya kalibu ikiwa imeyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 300, wakati kalibu yenyewe ina nyuzi 100 hivi. Inapokaribia nyuzi 150 inakakamaa. Ngozi ya nje hutangulia kuganda. Ya ndani, ambayo bado ni laini, inataka kusinyaa lakini imeshashikwa. Wakati huo huo molekuli zake ndefu zimelazwa upande mmoja kwa kupita kwenye mlango mwembamba wa kalibu, nazo huganda kabla ya kujikunja tena. Lenzi inatoka safi, inang'aa, huku imebeba mvutano huo wote.

Rangi za kwenye tundu ni zetu sisi tunaotoboa na kukaza skrubu. Ndiyo maana lenzi naipima mara mbili: ikiwa peke yake, halafu ikishakaa kwenye fremu. Kinachoongezeka mara ya pili kimeletwa na mkono wangu, na naweza kukipunguza.

Na kupima si kusema tu "rangi ni nyingi". Mwanzoni mwa karne ya 19, David Brewster wa Uskoti alionyesha kwamba kioo kikikandamizwa huupasua mwanga uliopolaraizwa katika mawimbi mawili, moja likichelewa nyuma ya jingine. Kipimo cha wepesi wa kitu kufanya hivyo bado kinaitwa brewster. Kioo cha kawaida kina karibu 3. Polikaboneti ina karibu 80. Kwa hiyo lenzi ya polikaboneti yenye unene wa milimita 2, ikibeba mkazo wa megapaskali 1, inachelewesha wimbi kwa nanomita 160 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kioo cha unene huo hakifikishi hata 10.

Rangi zenyewe ndizo rula: nyeusi ni sifuri, inafuata kijivu, nyeupe, manjano, nyekundu, kisha zambarau ya kwanza kwenye nanomita 550 hivi. Kwa lenzi ya milimita 2, zambarau hiyo ni sawa na megapaskali 3.4. Zungusha lenzi unapoitazama, kwa sababu mkazo uliolala sambamba na kichujio huonekana mweusi kana kwamba haupo. Sehemu inayobaki nyeusi hata ukizungusha, hiyo ndiyo iliyotulia.

Lakini hesabu hiyo naiamini zaidi karibu na tundu kuliko kwenye mkia. Rangi hueleza tofauti ya mikazo ya pande mbili, ikijumlishwa kwa unene wote. Ngozi iliyobanwa na kiini kilichovutwa vinaweza kufutana ukitazama kwa mbele, na molekuli zilizolazwa huleta rangi hata pasipo mkazo mkubwa. Anayetaka ukweli wa ndani hukata kipande chembamba akakitazama kwa ubavu, au hukwangua tabaka moja baada ya jingine na kupima kipande kinavyojipinda. Njia zote mbili huiharibu lenzi, kwa hiyo hazifai kwa miwani ya mteja.

"Unaisafisha na nini, mdogo wangu?" nikamuuliza.

"Utomvu wa paini hautoki kwa maji, daktari. Natumia tina ya kuchanganyia rangi."

Basi. Polikaboneti yenye mkazo ikiguswa na tina hupasuka bila kugongwa, na ufa huanzia pale mkazo ulipo mkubwa. Nyufa tatu, zote tunduni.

Nilimtengenezea nyingine kwenye fremu inayozunguka lenzi yote, isiyohitaji kutobolewa. Nilipoipima ndani ya fremu, ukingo wa juu ulionyesha weupe. Nikaitoa, nikaisaga kidogo sana, nikairudisha. Mara hii ukingo ulibaki kijivu hafifu, nikamwita aje atazame mwenyewe kupitia kichujio kabla sijampa, pamoja na kipande cha sabuni.